Maji ya udhu nyuma ya msikiti: yasizibwe kwa zege, yafanywe bustani ya chepechepe

Swali limetoka kwa ustadhi wa madrasa moja mtaa wa Shela, Malindi. Anasema nyuma ya msikiti wao maji ya udhu hutoka kwa paipu moja na kumwagika kwenye uwanja wa madrasa. Pamekuwa tope la kudumu, na ikifika magharibi mbu hawakaliki. Kamati imeshaanza kuchangisha fedha za zege. Lakini yeye kila asubuhi akifungua madrasa huona ndege wameshuka pale kunywa, vipepeo wametua juu ya tope, na watoto wanaacha mabao yao kwenda kuwatazama. Anauliza kama pale pataweza kuwa bustani ya kuvutia viumbe bila kuwazidishia mbu wala kuwaletea watoto nyoka. Nafasi ni kama hatua kumi kwa sita, na wanaoswali kila kipindi ni kama thelathini.

Alaykum salaam, ustadhi. Yawezekana, na nakuomba uiambie kamati isubiri kidogo kabla ya kununua saruji. Zege haliyamalizi maji. Litayasukuma hadi ukuta wa jirani, na baada ya misimu miwili ya mvua litapasuka na kubonyea, na kila kibonyeo kitakuwa na dimbwi lake. Hapo mtakuwa na mbu wale wale, ila vipepeo hamtakuwa nao.

Nianze na huyo mbu, maana yeye ndiye atakayeamua kama mradi huu utakubaliwa au utakataliwa. Mbu hazaliwi kwenye udongo uliolowa. Anahitaji maji yaliyo wazi na yaliyotulia, yakae muda wa kutosha yai liwe kiluwiluwi na kiluwiluwi kiwe mbu anayeruka. Kwa joto la pwani, kazi hiyo huchukua kama siku saba hadi kumi na nne. Anayewasumbua sasa huzaliwa kwenye nyayo zilizojaa maji, kwenye kile kishimo mdomoni mwa paipu, na kwenye kopo au kifuu kilichotupwa kando. Mwaka 2004, mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ulipoipiga Lamu kabla ya kufika Mombasa na baadaye Komoro, Lamu ilikuwa katika ukame. Watu walikuwa wamehifadhi maji majumbani kwa muda mrefu, na Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana, akazaliana humo humo ndani ya mitungi na mapipa. Hakukuwa na haja ya kinamasi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba za kale za Lamu zina birika la maji chooni, na ndani yake walifuga visamaki vya kula viluwiluwi. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua visamaki vipate pa kukaa visife. Fikra hiyo ndiyo ninayotaka tuichukue: maji yenye uhai ndani yake hayawi makao ya mbu peke yake.

Sasa, bustani ya chepechepe ni nini? Si bwawa. Ni udongo unaobaki umelowa mwaka mzima huku juu yake hakuna maji yaliyosimama. Maji yapo chini, na udongo unayapandisha kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Ukikanyaga, mguu unazama kidogo na unasikia ubaridi, lakini huoni dimbwi. Wanaozipenda sana bustani hizi ni watu wa nchi za mvua kama Uingereza, na mafundisho yao mengi yameandikwa kwa udongo mchachu wenye mboji nyeusi. Hapa kwetu ukichimba unakuta mchanga, kisha mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu. Kwa hiyo mimea yao na mchanganyiko wao wa udongo uache. Chukua ile kanuni peke yake.

Nyinyi mna jambo moja ambalo wengi wanaoniandikia hawana: maji safi yanayokuja kidogo kidogo mara tano kwa siku, hayana mafuta wala sabuni. Tupige hesabu. Watu thelathini kwa vipindi vitano ni udhu 150. Toa wanaokuja wameshatawadha nyumbani, tuseme zinabaki 100. Kwa mfereji unaofunguliwa wazi, udhu mmoja hula lita nne kwa urahisi. (Wewe ndiye wa kunikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja. Hilo liwe darasa lako kwa watoto siku nyingine.) Hivyo mna kama lita 400 kwa siku. Bustani ya mita tano kwa nne, katika jua kali la Februari, naikadiria itakunywa lita nane kwa kila mita ya mraba, yaani lita 160. Zitabaki nyingi, na ni vizuri zibaki. Maji yanayoingia na kutoka hayaozi, na husomba chumvi. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvichumvi. Yakikaa mahali pamoja, jua likanywa maji na chumvi ikabaki, baada ya miaka miwili mimea huungua ncha za majani. Lakini hesabu hizi ni za kukisia. Weka ndoo mdomoni mwa paipu kwa siku mbili tatu, upate zako.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, hakikisha mambo matatu. Kwanza, fuata paipu yenyewe mpaka mwisho na uwe na yakini kwamba maji ya choo hayachanganyiki nayo mahali popote. Yakichanganyika, mradi usimame hadi fundi atenganishe. Pili, bustani iwe angalau mita tatu kutoka ukuta wa msikiti, kwani kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na plasta hubanduka. Kama mna kisima, iwe mbali nacho zaidi, mita kumi na tano au ishirini, na upande wa mteremko. Tatu, ardhi ikiwa ya wakfu, msimamizi wa wakfu aulizwe na aridhie.

Chimbeni wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, ardhi ikiwa kavu. Shimo liwe la sentimita sitini, kingo zake zilale mteremko, zisisimame wima. Mdomo wote uwe sawa. Mwombeni fundi alete pima maji, kwa sababu upande ukiwa chini kwa vidole vinne tu, maji yote yatakimbilia huko. Toeni kila jiwe lenye ncha. Tandikeni mchanga laini, juu yake magunia ya zamani au mikeka iliyochakaa, kisha nailoni nzito nyeusi, ile wanayoitumia wafugaji wa samaki. Nyembamba ya kufunikia saruji msiiguse, haimalizi mwaka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo mengi. Wengi husema nailoni itobolewe chini ili maji yasituame kabisa. Kwa mchanga wetu na jua letu, ukitoboa chini umetengeneza chujio, na vipindi viwili mifereji ikikauka kila kitu kimenyauka. Mimi hutoboa ubavuni, sentimita thelathini kutoka chini, tundu la unene wa kidole kila baada ya hatua moja kuzunguka shimo lote. Nusu ya chini inakuwa hazina ya maji, nusu ya juu inapumua. Hata ikinyesha mvua ya Mei, mwezi wenye mvua kubwa kuliko yote Malindi, ziada inatokea ubavuni kabla haijafika juu. Upande wa chini wa mteremko ongezeni paipu moja ya kutolea, ipeleke maji kwenye minazi. Nimesema minazi na si migomba, na sababu nitaieleza.

Chini kabisa mwageni kokoto za matumbawe sentimita kumi. Ndani ya kokoto hizo mlaze paipu iliyotobolewa tundu nyingi, na hiyo ndiyo itakayopokea maji ya udhu. Ukilishika hili moja umeshika nusu ya kazi: maji yaingie kwa chini, yasimwagike juu. Mtu akitawadha, tone lake halionekani tena na jua wala na mbu. Kabla ya paipu hiyo jengeni kishimo kidogo cha kutulizia mchanga, maana miguu huja na mchanga mwingi, na kiwe na kifuniko kinachoziba kabisa. Kisafishwe kila Alhamisi. Kifuniko kikipasuka kibadilishwe siku hiyo hiyo, kwani maji yaliyotulia gizani ni nyumba ya mbu.

Udongo wa kujazia: sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga mliouchimba, na sehemu moja ya majani yaliyooza kabisa. Samadi msitie. Inanuka, na mbu anayependa maji machafu huifuata harufu hiyo. Jazeni mpaka ibaki kama sentimita tano chini ya mdomo, mshindilie kwa miguu, mmwage maji, mngoje wiki moja, kisha mjazie tena pale palipozama.

Mimea ya kukwepa ni mingi kuliko ya kupanda. Matete yana mizizi kama misumari: niliyapanda bustani yangu ya kwanza, na baada ya masika mbili yalikuwa yametoboa nailoni sehemu nne. Mafunjo ni mazuri kuyaona, lakini hurefuka kumpita mtu na ndani ya miaka mitatu hayaachi nafasi kwa mwingine. Gugumaji lisiingie hata shina moja. Na ile mimea ieleayo kama kabichi ndogo ikataeni pia, hata mkipewa bure: kuna mbu wanaoitwa Mansonia ambao viluwiluwi vyao hujichomeka kwenye mizizi yake vikavuta pumzi humo humo, na hata samaki hawaoni. Migomba na majimbi hushika maji kwenye makwapa ya majani, na Aedes huzaa hapo. Ndiyo maana nikasema minazi. Mkiyataka majimbi kwa kivuli cha vyura, yawe mashina mawili tu, mbali na madirisha.

Wekeni jamii ya ndago warefu, hasa wale ambao majani yao hufunguka juu kama mwavuli. Kereng'ende hupenda kutua kwenye mabua yao, na vyura wadogo hulala wamejibana humo mchana. Nyasi za kandokando ya mito zitajaza sehemu iliyobaki. Ukingoni, nje ya nailoni lakini mahali unyevu unapofika, pandeni mkindu mmoja. Ni mti wa mabondeni yenye maji, makindu yake huliwa na ndege, na wanana watakuja kuchana majani yake kusukia viota. Mna haki nao zaidi ya ndege: mikeka ya ukindu imetandikwa misikitini kwetu tangu zamani, na mtoto anayeswali juu ya mkeka aujue mti wake. Una miiba, basi msiupande njiani.

Miche msiing'oe msitu wa Arabuko-Sokoke wala mdomoni mwa mto Sabaki. Ombeni kwa mkulima wa mboga kando ya mto. Mifereji ya shamba lake imejaa ndago anazozifyeka kila mwezi. Osheni mizizi vizuri, msijebeba gugu. Na vyura msibebe. Najua watoto watataka kuleta kwenye ndoo. Chura akihamishwa huweza kuhamisha na ugonjwa wa ngozi unaoua wenzake, na isitoshe hakuna haja, watakuja wenyewe.

Kuhusu kidimbwi cha maji wazi, kila mtu hukitaka. Nawashauri mwaka wa kwanza msikiweke. Wekeni sinia pana lenye jiwe katikati kwa ajili ya ndege, na zamu ya watoto iwe kulimwaga na kulijaza kila asubuhi. Kamati ikishaona msimu mzima umepita bila mbu kuongezeka, hapo chimbeni kidimbwi cha upana wa mita moja na kina cha sentimita hamsini, upande mmoja uwe na mteremko wa kutokea viumbe, mtie yungiyungi mmoja. Samaki msitie mkitaka vyura, maana samaki hali viluwiluwi vya mbu tu, hula na vya chura.

Na hapa lugha yetu ina mtego wa kuwafundisha wanafunzi. Tumewapa jina moja, kiluwiluwi, mtoto wa mbu na mtoto wa chura. Teka maji kwa bakuli jeupe kila wiki, muwatazame pamoja. Wa mbu wengi huning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, na kivuli chako kikipita hujinyonganyonga kuzama. Wa Anopheles, mwenye malaria, hulala bapa juu ya maji. Wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia wa kuogelea, na muda mwingi yuko chini anatafuna ukoga. Mkiona wa mbu kwa wingi, kausheni kidimbwi siku moja kabla ya wiki kwisha, mjaze upya.

Lakini mara nyingi hamtafika huko, kwa sababu kereng'ende atawatangulia. Mwana wake huishi majini na ni mwindaji mkali, hula viluwiluwi vya mbu kutwa; na akipata mbawa humdaka mbu hewani. Yupo mmoja wa rangi ya dhahabu iliyofifia, Pantala flavescens, ambaye habari yake siichoki. Wengi wao huvuka bahari kutoka India, wakapitia Maldivi, wakifuata kaskazi kama majahazi ya mababu zetu, wakafika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewatazama Maldivi kwa miaka, aliieleza safari hiyo mwaka 2009. Wakifika hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wao huweza kukua kwa wiki sita hivi. Ukiwaona Novemba wanazunguka juu ya uwanja wa madrasa, waonyeshe wanafunzi.

Wengine watakuja kwa zamu zao. Vipepeo mnao tayari. Wale wanaofyonza tope wengi ni madume wanaotafuta chumvi, na wataendelea mradi muwaachie sehemu ndogo isiyo na majani. Nyigu watachota udongo wa kufinyangia viota, msiwaogope. Chozi, wale ndege wadogo, wataoga kwenye sinia. Vyura wataanza usiku wa mvua ya kwanza ya masika, na watapiga kelele. Lazima kamati ielezwe hilo mapema, kwa sababu sauti ya chura mmoja asiyezidi ukucha wa kidole gumba hufika mbali, na wakati wa isha wanakuwa wengi. Ombi langu ni wavumiliwe. Wewe unaijua hadithi inayokataza kumuua chura, na ile isemayo kwamba mche aliopanda Mwislamu akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake.

Nimebakiza nyoka, na sitakuficha. Palipo na vyura, nyoka atapita. Anayetarajiwa zaidi ni ukukwi, mwembamba wa kijani, mla vyura asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Shida ni kwamba pwani yetu ina nyoka mwingine wa kijani mwenye sumu kali, akaaye mitini, na mtoto hawezi kuwatofautisha. Kwa hiyo sheria iwe moja: hakuna anayemgusa wala kumpiga nyoka yeyote, anaitwa mtu mzima, na watoto wanarudi ndani. Mjini Watamu wapo watu wa Bio-Ken, kituo cha nyoka, wenye uzoefu wa miaka mingi wa nyoka wa pwani; kamati iwe na namba yao. Kuzunguka bustani acheni ukanda wa mita moja wa mchanga mweupe uliofagiliwa, ili kiumbe akipita aonekane. Msirundike mawe, kuni wala makuti karibu. Mabaki ya chakula yasilale nje, kwa kuwa panya ndiye anayewavuta nyoka wabaya zaidi kuliko chura. Na baada ya magharibi watoto wavae viatu, na taa iwake.

Mwisho ni sabuni. Wapo wanaofulia kofia na kanzu kwenye mifereji ya udhu. Waombeni kwa upole waache, au wawekewe mfereji mwingine wenye njia yake. Povu la sabuni ya unga likiingia humo, vyura ndio watakaoanza kufa, ngozi yao haihimili.

Ukipima ndoo, usisahau Ijumaa, na kama Ramadhani iko karibu ongeza hesabu ya tarawehe. Kisha niandikie umepata lita ngapi, na shimo lenu limegonga mwamba kwa kina gani. Mkigonga kabla ya sentimita arubaini tutainua kingo kwa mawe badala ya kuchimba zaidi, na nitakuchorea jinsi ya kuipitisha nailoni juu yake.